Saa Sita Katika Tikiti, Saa Tisa Angani

Jinsi ya kupima safari ya ndege kutoka Nairobi hadi London

Kuna kosa moja nililolifanya ambalo liliigharimu jamaa ya jirani yangu ng'ombe wawili. Sijaweza kulisahau. Naona ni afadhali niliandike hapa, lipate kuwafaa wengine, kuliko kulificha moyoni.

Binti wa jirani huyo alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza, aanze mwezi wa Januari. Parokia yetu iko huku Mara, si mbali na mpaka wa Kenya. Kwa hiyo njia iliyo rahisi kwetu ni kwenda Nairobi kwa basi na kupanda ndege huko. Wazazi walichanga, wajomba na mashangazi walichanga, hata tikiti ikapatikana. Jioni moja baba yake akaja nayo ofisini kwangu.

"Mwalimu," akaniambia, maana wengi bado waniita hivyo kwa sababu ya chuo nilichosomea, "hebu tusomee karatasi hii, utuambie mtoto aondoke lini hapa nyumbani."

Niliisoma. Iliandikwa: Jumanne, 00:20. Nikajibu bila kufikiri sana: "Mzee, hiyo ni saa sita na dakika ishirini, Jumanne usiku. Apande basi Jumanne alfajiri. Atafika Nairobi jioni, atakula, kisha ataelekea kiwanjani bila haraka."

Wakafanya kama nilivyosema. Jumanne, yapata saa mbili usiku, binti alisimama mbele ya meza kiwanjani pamoja na mjomba wake. Mtumishi akaitazama karatasi, akamtazama na binti, kisha akamwambia kwa upole: "Dada, pole sana. Ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo."

Kosa lilikuwa langu. Siku ya tikiti huanza katikati ya usiku. Jumanne 00:20 maana yake ni dakika ishirini tu baada ya Jumatatu kwisha. Ilimpasa binti awe kiwanjani Jumatatu usiku, wala si Jumanne. Nauli ile ikapotea. Mzee aliporudi kwangu hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliuza ng'ombe wawili, wakanunua tikiti nyingine.

Tikiti ile ya pili nayo ilikuwa ya saa 00:20, na ilionyesha kwamba ndege itafika London saa 06:20. Mama yake akaniuliza: "Mwalimu, basi mwanangu atakaa angani saa sita?" Safari hii sikujibu papo hapo. Nilichukua ramani, uzi na kalamu, nikajifunza kwanza. Hayo niliyojifunza ndiyo nitakayowaeleza leo.

UMBALI NI KIASI GANI?

Ukitaka kujua umbali wa safari ya ndege, usiweke rula juu ya ramani ya ukutani. Ramani ile ni bapa, lakini dunia ni mviringo kama chungwa. Mwenye kuchora dunia juu ya karatasi hana budi kuivuta hapa na kuibana pale, na vipimo huharibika. Njia iliyo sahihi ni kuchukua tufe la dunia, kama lile lililopo katika shule nyingi, na kuvuta uzi kutoka mji mmoja mpaka mji wa pili, uzi ukaze vizuri. Huo uzi uliokazwa ndio njia fupi kuliko zote.

Ukiuvuta uzi huo toka Nairobi hadi London, utaona kwamba wapita juu ya Sudan Kusini, ukaingia Sudan, ukakata jangwa la Libya, ukavuka Bahari ya Kati, ukapita Italia na milima ya Alps, na kisha Ufaransa. Urefu wake ni kama kilometa 6,840.

Lakini jihadhari! Ukiuliza watu wawili, mmoja aweza kukuambia ni maili 4,250, na mwingine akakuambia ni maili 3,700, na wote wawili wakawa wakweli. Wa kwanza ametumia maili ya barabarani, ambayo ni kama kilometa 1.6. Wa pili ametumia maili ya baharini, ambayo ni meta 1,852, nayo ndiyo itumiwayo na marubani pamoja na manahodha. Kwa hiyo, ukisikia maili, uliza kwanza ni maili ipi.

Kilometa 6,840 ni nyingi kiasi gani? Fikiri juu ya basi liendalo kilometa 80 kwa saa, bila kusimama mchana wala usiku, wala kushusha mtu, wala kutia mafuta. Basi hilo lingehitaji zaidi ya saa 85, yaani zaidi kidogo ya siku tatu na nusu, kama barabara ingekuwapo moja kwa moja.

MBONA SAA TISA?

Ndege kubwa za abiria za siku hizi huruka kwa mwendo wa karibu kilometa 900 kwa saa zikiwa juu, kiasi cha kilometa 10 hadi 12 kutoka ardhini. Mtoto wa shule atagawanya 6,840 kwa 900, naye atapata saa saba na dakika thelathini na sita. Hesabu yake ni safi. Lakini safari hiyo kwa kawaida huchukua saa nane na nusu mpaka saa tisa. Saa nyingine zimekwenda wapi? Sababu ni nne.

Ya kwanza: muda wa safari huhesabiwa tangu ndege ianzapo kusogea mahali ilipoegeshwa mpaka isimamapo mwisho wa safari. Ndege hutambaa polepole kwenda kwenye njia ya kurukia, hungoja zamu yake, na ikishatua hutambaa tena. London ni mji wenye msongamano mkubwa wa ndege. Mara nyingine ndege huzungushwa angani kungoja nafasi ya kutua.

Ya pili: ndege haiendi kilometa 900 tangu mwanzo. Hupanda kwanza, na katika kupanda mwendo wake ni mdogo. Na kabla ya kutua huanza kushuka na kupunguza mwendo ikiwa bado mbali na mji.

Ya tatu: ndege haifuati uzi sawasawa. Hufuata njia zilizopangwa na waongozaji wa anga, nayo hukwepa mawingu ya radhi na nchi zenye vita. Vita vilipoanza nchini Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, nazo zikalazimika kuzunguka. Hivyo vita vya watu walio chini hurefusha safari hata ya wale wapitao juu.

Ya nne ni upepo. Kule juu, hasa katika nchi zilizo mbali na Ikweta, kuna mito ya upepo ivumayo kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi huzidi kilometa 160 kwa saa. Ndege ikielekea upande uendako upepo husukumwa. Ikielekea kule utokako hurudishwa nyuma, kama mtumbwi unaopanda mto. Kutoka Nairobi kwenda London, ndege huelekea kaskazini na kidogo magharibi, kwa hiyo upepo huo huikabili. Kurudi huwa kwepesi kidogo, na mara nyingi safari hupungua kwa nusu saa hivi. Nguvu ya upepo ilionekana wazi mwezi wa Februari 2020, ndege moja ya British Airways ilipotoka New York kwenda London ikisukumwa na upepo wa tufani. Ilifika kwa muda usiotimia saa tano, na safari hiyo huchukua kwa kawaida kama saa saba.

Kijana mmoja aliniuliza swali zuri: "Kwa kuwa dunia yazunguka, kwa nini ndege isipae juu tu na kungoja London ije chini yake?" Jibu ni kwamba hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Nzi akiruka ndani ya basi linalokwenda, hapigwi na kioo cha nyuma, maana hewa iliyomo ndani ya basi yaenda pamoja na basi, na yeye pia. Ndivyo ilivyo kwa ndege.

ZAMANI ILIKUWAJE?

Tusiilalamikie saa tisa. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilianza safari ya kila juma kutoka London hadi Mwanza, mji wetu wa Ziwa. Ndiyo, Mwanza ndiko njia ilikokoma mwanzoni, kabla ya kuendelezwa mpaka Cape Town mwaka uliofuata. Wasafiri walibadilisha ndege njiani, na huku Ziwani walifika kwa ndege ya kutua majini. Safari ilichukua zaidi ya juma moja, maana usiku watu walishuka na kulala.

Mwaka 1952, tarehe 2 Mei, ndege ya Comet ilianza kubeba abiria kutoka London hadi Johannesburg, ikitua njiani na Entebbe. Ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria iendayo kwa injini za jeti, na safari yote hiyo ilikwisha kwa muda usiofika saa 24. Mwaka 1960 East African Airways, shirika lililokuwa la nchi zetu kwa pamoja mpaka lilipovunjika mwaka 1977, nalo lilipata ndege zake za Comet 4. Kutoka zaidi ya juma moja mpaka saa tisa: wazee waliozaliwa kabla ya 1931 wameyaona yote hayo katika maisha ya mtu mmoja.

SAA ZA TIKITI NA SAA ZETU

Sasa turudi kwenye swali la mama: 00:20 kuondoka, 06:20 kufika. Je, si saa sita? Sivyo. Saa ya kuondoka huandikwa kwa saa ya mji wa kuondokea, na saa ya kufika huandikwa kwa saa ya mji wa kufikia. Na saa ya London si saa ya Nairobi.

Sababu ni jua. Dunia huzunguka mara moja kwa saa 24, kutoka magharibi kwenda mashariki. Nasi tulio mashariki twaliona jua kabla ya watu wa London. Mataifa yalikutana Washington mwaka 1884, wakakubaliana kwamba hesabu ya dunia ianzie Greenwich, ambayo ni sehemu ya London. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa moja, iliyo mbele ya hiyo kwa saa tatu. Rwanda, Burundi na upande wa mashariki wa Kongo wako mbele kwa saa mbili tu, na mwenye kupandia ndege Kigali alikumbuke hilo.

Tena Waingereza husogeza saa zao. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba husogeza mbele saa moja, na tofauti yetu nao huwa saa mbili. Miezi mingine ni saa tatu.

Basi, binti akifika saa 06:20 ya London katika Januari, sisi huku Mara ni saa 09:20, yaani saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Toka 00:20 mpaka 09:20 ni saa tisa. Hiyo ndiyo safari yenyewe. Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Tuseme ndege imeondoka London saa 10:30 na kufika Nairobi saa 22:00 siku hiyohiyo. Tikiti yaonyesha kama saa kumi na moja na nusu, kumbe angani ni saa nane na nusu tu.

Juu ya hayo, sisi Waswahili tuna hesabu yetu, ambayo huanza jua lichomozapo. Ni hesabu nzuri kwa nchi zilizo karibu na Ikweta, ambako jua halibadili sana saa zake mwaka mzima. Lakini yatupasa kujua kuigeuza. Kanuni ni hii:

Saa za tikiti kuanzia 07 mpaka 18, toa sita. Kwa hiyo 07:00 ni saa moja asubuhi, na 15:00 ni saa tisa alasiri.

Saa za tikiti kuanzia 19 mpaka 23, toa kumi na nane. Kwa hiyo 21:00 ni saa tatu usiku.

Saa za tikiti kuanzia 00 mpaka 06, ongeza sita. Kwa hiyo 00:20 ni saa sita na dakika ishirini usiku, na 04:00 ni saa kumi alfajiri. Na hapa ndipo penye mtego ulioninasa mimi: usiku huo ni ule wa kuamkia siku iliyoandikwa. Tikiti ikisema Jumanne 00:20, mpeleke msafiri kiwanjani Jumatatu jioni.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Kwa safari za nchi za nje, abiria hutakiwa kuwa kiwanjani kama saa tatu kabla. Toa saa tatu katika 00:20, utapata 21:20 ya Jumatatu, yaani saa tatu na dakika ishirini usiku. Toa tena mwendo wa basi, na muda wa mpakani, na nafasi ya basi kuharibika. Kwa sisi wa mbali, njia iliyo salama ni kufika mjini siku moja nzima kabla, na kulala kwa ndugu. Usiku mmoja kwa ndugu ni rahisi kuliko ng'ombe wawili.

Jambo la mwisho: msitegemee msomaji mmoja. Mimi nilisoma chuoni, naandika vitabu vya parokia kila siku, nami nilikosea. Wapelekeeni tikiti watu wawili, kila mmoja peke yake, na kama majibu hayalingani, pigeni simu kule tikiti iliponunuliwa. Kuuliza si ujinga.

ASUBUHI ILE

Safari ya pili binti alifika Nairobi Jumapili, akalala kwa shangazi yake, na Jumatatu saa mbili usiku alikuwa amekwisha pokewa kiwanjani. Ndege ikaondoka.

Nilikuwa nimemwambia mama yake: "Mama, saa kumi na mbili asubuhi usiishike simu kwa hofu. Wakati huo atakuwa bado angani. Atatua saa tatu na dakika ishirini, kisha atapanga mstari wa pasi. Mngoje baada ya saa nne." Baadaye alinieleza kwamba maneno hayo ndiyo yaliyompa usingizi usiku ule. Kama angeshika hesabu ya saa sita, angekaa asubuhi nzima akidhani ndege imeanguka.

Yapata saa nne na nusu simu ikalia. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, jua limekwisha kuwa kali, na kuku wamekimbilia kivulini.

"Mama, nimefika salama," binti alisema. "Huku ni saa moja na nusu, na nje bado giza."

Mama akalitazama jua, kisha akanitazama mimi, akacheka. Mzee alinyamaza kidogo, akaniambia: "Mwalimu, sasa wandikie na wengine." Nami nimewaandikia.